Acheni hesabu ya mia jumlisha umri

Niliahidi kuendelea na mfululizo wetu wa hifadhidata, lakini hiyo itangoja. Leo nina hasira, na hasira yenyewe imetokana na mstari mmoja tu wa msimbo. Huu hapa, nimeuandika kwa Kiswahili ili kila mtu ausome:

kama namba_ya_juu < 100 + umri, basi rangi = kijani

Mstari huo ulikuwa ndani ya hati niliyotumiwa na mteja mmoja (sitamtaja) aliyetaka programu ya simu ya kuwekea rekodi za presha. Mtu anajipima kwa mashine yake, anaingiza namba mbili, programu inamwonyesha kijani, manjano au nyekundu. Kazi ya wiki mbili, malipo mazuri. Sasa usome tena mstari huo ukimfikiria mzee wa miaka 75. Akipata 170 kwa juu, programu inampa kijani. Uko sawa mzee, nenda ukalale.

Nilikataa kuuandika. Mteja akaniuliza nimekuwa daktari tangu lini. Swali zuri. Mimi si daktari. Nina shahada ya sayansi ya tarakilishi na kiti kinacholia kila nikigeuka. Lakini hesabu hiyo ni dai, na dai lolote linaweza kukaguliwa. Hili limekaguliwa kwa karibu miaka mia moja na limeshindwa. Kinachoniudhi zaidi ni kwamba baadhi ya ushahidi wa mwanzo kabisa dhidi yake ulitoka hapa hapa Kenya, na bado sisi ndio tunaorudia wimbo wa "presha ya umri".

Hebu tuanze na asili yake. Zamani madaktari walifundishwa kwamba namba ya juu ya presha inapaswa kuwa mia jumlisha umri wa mtu. Ulaya na Marekani watu walikuwa wamepimwa kwa wingi, ikaonekana presha inapanda kadiri wanavyozeeka, ikahitimishwa kwamba ndivyo mwili ulivyoumbwa. Wengine walikwenda mbali zaidi. Walidai mishipa ikishakakamaa inahitaji msukumo mkubwa ili damu ifike, kwa hivyo kuishusha presha ni kumdhuru mgonjwa! Rais Franklin Roosevelt wa Marekani alipimwa na daktari wa moyo Machi 1944 akawa na 186 kwa 108. Daktari wake mkuu aliendelea kuuambia umma kwamba afya yake ni nzuri kwa mtu wa umri wake. Tarehe 12 Aprili 1945, siku aliyofariki kwa kuvuja damu kwenye ubongo, mashine ilisoma 300 kwa 190. Alikuwa na miaka 63. Kwa haki, wakati huo dawa nzuri za presha hazikuwepo. Leo zipo, na maneno ni yale yale.

Tatizo, nadhani, limejificha ndani ya neno letu "kawaida". Neno hili linabeba mizigo miwili. Kitu kinachowapata watu wengi tunakiita cha kawaida, na kitu kisicho na madhara tunakiita cha kawaida pia. Matatu kupakia abiria kupita kiasi ni kawaida kwa maana ya kwanza. Hakuna anayesema ni kawaida kwa maana ya pili, hasa akiwa amekaa mlangoni. Presha ya 165 kwa mtu wa miaka 70 ni ya kawaida kwa maana ile ya matatu.

Sasa tuje nyumbani. Mwaka 1929 daktari Mwingereza aitwaye Donnison, aliyekuwa akifanya kazi South Kavirondo (leo ni Kisii, Nyamira, Homa Bay na Migori), alichapisha vipimo vya presha vya watu 1,000 wa eneo hilo katika jarida la Lancet. Vijana walikuwa na presha inayokaribiana na ya vijana wa Ulaya. Lakini baada ya miaka 40 hivi, pale ambapo ya Wazungu ilikuwa ikipanda, ya watu wa kwetu haikupanda, ilielekea kushuka. Najua, umri wa watu wengi ulikuwa wa kukadiriwa, na daktari wa serikali ya kikoloni akija na kifaa chake sidhani kila mtu alikaa ametulia. Hata hivyo, hofu hupandisha presha, haiishushi. Hesabu ya mia jumlisha umri ilikuwa imeshakanushwa huko Nyanza kabla babu yangu hajazaliwa.

Mtu mmoja akipata matokeo ya ajabu tunasema labda mashine ilikuwa mbovu. Haya basi, twende mbele. Mwaka 1988 utafiti uitwao INTERSALT ulichapisha vipimo vya watu zaidi ya 10,000 kutoka vituo 52 katika nchi 32, wote wakipimwa kwa utaratibu mmoja. Katika vituo vinne watu walikula chumvi kidogo sana, na presha yao ilikuwa ya chini na ilipanda kidogo tu au haikupanda kabisa kadiri umri ulivyosogea. Viwili vilikuwa kwa jamii za Yanomami na Xingu kule Brazili, kimoja Papua New Guinea, na kimoja, ndiyo, mashambani Kenya.

Wala usiniambie ni damu ya Kiafrika inayotukinga, maana na hilo limekaguliwa. Watafiti waliwafuatilia Waluo waliohama kutoka vijijini karibu na Ziwa Victoria kwenda Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990. Ndani ya mwezi wa kwanza mjini, presha ya waliohama ilikuwa imeshapita ya waliobaki, na mkojo wao ulionyesha sodiamu zaidi na potasiamu pungufu. Mwezi mmoja! Jeni hazibadiliki kwa mwezi, na uzee hauingii kwa mwezi. Kabla ya hapo, miaka ya 1960, daktari Gerald Shaper na wenzake walikuwa wameona jambo la jamaa hiyo kwa morani wa Kisamburu waliojiunga na jeshi la Kenya: walipoacha maziwa na kuanza mgao wa jeshi wenye chumvi nyingi, presha ikapanda. Vijana, wakakamavu, wanaokimbia kila asubuhi.

Basi kama si umri, ni nini? Hapa ndipo penye utamu kwa watu wa fani yetu, nivumilieni.

Moyo hausukumi damu mfululizo. Unapiga, unapumzika, unapiga, unapumzika. Lakini damu kwenye vidole vyako haisimami moyo unapopumzika. Kwa nini? Kwa sababu aota, ule mshipa mkubwa unaotoka moyoni, ni bafa. Moyo unapopiga, aota inatanuka na kuweka akiba ya sehemu ya damu hiyo. Moyo unapopumzika, inanywea na kuisukuma akiba mbele. Yeyote aliyewahi kuandika programu ya kucheza muziki kutoka mtandaoni anaijua kazi hii: data inakuja kwa vishindo, bafa inailainisha, sikio halisikii mkatiko. Mchungaji Mwingereza Stephen Hales aliliona jambo hili mwaka 1733, akaifananisha mishipa na chumba cha hewa cha pampu za kuzimia moto. Mwaka 1899 Mjerumani Otto Frank akaliwekea milinganyo.

Unyumbufu wa aota unatokana na nyuzi za protini iitwayo elastini. Mwili huzitengeneza hasa kabla ya kuzaliwa na utotoni. Ukishakuwa mtu mzima, kiwanda kimefungwa karibu kabisa. Sasa piga hesabu. Mapigo 70 kwa dakika ni zaidi ya 100,000 kwa siku, karibu milioni 37 kwa mwaka. Mimi sijafika miaka 30 na aota yangu imeshatanuka na kunywea zaidi ya mara bilioni moja. Nyuzi zinachoka, zinakatika. Mzigo unahamia kwa nyuzi nyingine, za kolajeni, ambazo ukizilinganisha na elastini ni kama kamba ya katani mbele ya mpira wa manati. Kalsiamu nayo inajipenyeza ukutani. Mshipa unakakamaa.

(Tahadhari kwa wanaochanganya: hii si ile habari ya mafuta kuganda ndani ya mshipa na kuuziba. Huo ni ugonjwa wa utando wa ndani, na huu ni wa ukuta wenyewe. Ni majirani, wanachangia marafiki kama sigara, kisukari na presha yenyewe, lakini ni wawili.)

Bafa ikifa, mambo mawili hutokea kwa pamoja. Moyo unapopiga hakuna pa kuweka akiba, hivyo namba ya juu inaruka. Moyo unapopumzika hakuna akiba ya kusukuma, hivyo namba ya chini inaanguka. Ndiyo maana namba ya chini huanza kushuka kati ya miaka 50 na 60 hivi, huku ya juu ikiendelea kupanda. Mawimbi ya mapigo pia hukimbia zaidi kwenye ukuta mgumu. Kwa kijana wimbi husafiri kama mita 5 au 6 kwa sekunde. Miongozo ya Ulaya huchukulia zaidi ya mita 10 kwa sekunde kuwa dalili ya aota iliyokakamaa. Wimbi lenye kasi hiyo hugonga matawi ya mbali na kurudi mapema, likaukuta moyo bado unasukuma. Na ubongo na figo, ambavyo hupokea damu nyingi kupitia mishipa isiyo na breki nyingi, hupokea kishindo chote.

Nimedumu hapa kwa sababu ya shangazi yangu. Alikuwa na miaka 71 alipopimwa kwenye zahanati moja akapata 168 kwa 70. Mhudumu alimwambia, "Mama, hiyo ya chini ni nzuri kabisa, na ya juu ni ya umri. Usiwe na wasiwasi." Shangazi akarudi nyumbani akijisifu. Mia jumlisha 71 ni 171, kwa hivyo hata ile programu ya mteja wangu ingempa kijani. Miezi minane baadaye alipata kiharusi, na mkono wake wa kulia hadi leo hauwezi kushika kikombe. Siwezi kudai kwamba dawa ingezuia. Kwa mtu mmoja hakuna anayeweza kujua. Ninachodai ni kwamba ile namba ya chini "nzuri" haikuwa faraja. Pengo la 98 kati ya namba mbili lilikuwa sauti ya bafa iliyokufa, na mhudumu aliisoma kinyume.

Ukishaelewa bafa, utaona pia kwamba kuna kitanzi ndani yake. Mshipa mgumu hupandisha presha, na presha iliyopanda hukata nyuzi upesi zaidi, na mshipa unazidi kuwa mgumu. Kila mtu anachakaa, hilo sibishi. Ninachobisha ni kwamba wote tunachakaa kwa kasi moja. Watsimane wa Bolivia, wanaolima, kuwinda na kuvua samaki kando ya misitu ya Amazon, walipigwa picha za mishipa ya moyo na matokeo yakachapishwa mwaka 2017. Watu wazima 705, wenye umri wa kuanzia miaka 40 hadi 94. Asilimia 85 hawakuwa na kalsiamu yoyote kwenye mishipa hiyo, na watafiti walikadiria kwamba Mtsimane wa miaka 80 ana mishipa ya Mmarekani aliye katikati ya hamsini. Maisha yao si paradiso. Wanasumbuliwa sana na minyoo na maambukizi mengine, na sisemi tuhamie msituni. Nasema tu kwamba kalenda ni ile ile kwa wote na mishipa si ile ile.

Kuna watakaosema: sawa, presha ya wazee ina madhara, lakini mzee ameshazeeka, kuitibu kutasaidia nini? Hili nalo limejaribiwa, kwa majaribio makubwa ambapo nusu ya watu walipewa dawa na nusu vidonge vitupu. Mwaka 1991 jaribio la SHEP la Marekani lilitoa matokeo ya watu 4,736 wenye miaka 60 na zaidi, wote wakiwa na tatizo lile la shangazi, namba ya juu imepanda na ya chini iko sawa. Dawa ya kwanza ilikuwa ya kukojosha, ya bei ya chini. Viharusi vilipungua kwa asilimia 36. Mwaka 2008 ikaja HYVET, watu 3,845, na hawa walikuwa na miaka 80 na kuendelea. Nusu yao ikapewa tena dawa ya jamii ya kukojosha, na ya pili ikaongezwa kwa waliohitaji. Vifo vya kila aina vilipungua kwa asilimia 21, na moyo kushindwa kazi kukapungua kwa asilimia 64, hata jaribio likasimamishwa mapema. Kisha SPRINT, 2015, watu 9,361 wenye miaka 50 na zaidi. Waliolenga chini ya 120 walipata matatizo makubwa ya moyo na mishipa pungufu kwa robo kuliko waliolenga chini ya 140, na faida hiyo ilionekana hata kwa wale wa miaka 75 kwenda juu.

Wacha niwe mkweli kuhusu upande wa pili, maana upo. Mwaka 2014 jopo la wataalamu wa Marekani lililegeza lengo la wenye miaka 60 na zaidi hadi 150. Wajumbe watano wa jopo hilo hilo wakaandika waraka wa kupinga. Mwaka uliofuata SPRINT ikatoka, na mwaka 2017 miongozo mipya ya vyama vya moyo vya Marekani ikashusha lengo hadi 130 kwa karibu kila mtu. Pia SPRINT haikuchukua wenye kisukari, waliowahi kupata kiharusi, wala wazee wanaoishi kwenye nyumba za kutunzwa, na waliotibiwa kwa nguvu walipata zaidi shida za presha kushuka mno, kuzirai na figo. Kwa hivyo mzee dhaifu anayepata kizunguzungu akisimama anahitaji daktari mwangalifu, anayeanza na dozi ndogo na kumpima akiwa amesimama pia. Hiyo ni sababu ya kutibu kwa makini. Mtu anayeisikia kama sababu ya kuonyesha rangi ya kijani hajasikiliza.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2021, linasema mtu mzima aanzishiwe dawa presha ikithibitika kuwa 140 kwa 90 au zaidi. Mwongozo wa kitaifa wa Kenya wa 2018 pia unatumia 140 kwa 90. Tafuta humo palipoandikwa "ongeza umri". Hutapata.

Sasa niwageukie wenzangu wa msimbo, kwa sababu kosa hili tunalifanya pia upande wa vijana, kwa kinyume. Programu nyingi za "pima hatari ya moyo wako" zimejengwa juu ya alama za Framingham, mji wa Massachusetts ambako utafiti ulianza mwaka 1948 na watu 5,209, karibu wote Wazungu. Chukua jedwali la 2001 la wanaume. Umri wa 20 hadi 34 unapewa alama hasi 9, na wa 75 hadi 79 unapewa 13. Upana wa alama 22. Presha je? Mtu asiyetumia dawa akiwa na 160 au zaidi anapewa alama 2. Mbili! Kwa hivyo mwandani wangu wa miaka 28, anayekunywa soda tatu kwa siku na kulala saa kumi alfajiri, akiingiza 162, programu inampigia makofi: hatari ndogo. Na hesabu haijakosea, kwa sababu swali lililoulizwa ni uwezekano wa kupata mshtuko wa moyo ndani ya miaka 10, na kijana wa miaka 28 kwa kweli ni nadra kuupata kabla ya 38. Ila nyuzi zake za elastini hazijui habari za miaka 10.

Majedwali ya Shirika la Afya Duniani ya 2019, yenye toleo la ukanda wetu wa Afrika Mashariki, yameandikwa kwa watu wa miaka 40 hadi 74. Nimeona programu inayomchukua kijana wa miaka 25, inamhesabu kama wa 40 kimyakimya, na kumpa jibu. Huo ni utapeli. Chama cha moyo cha Marekani kilipotoa milinganyo yake ya PREVENT mwaka 2023, kilianzia miaka 30 na kuongeza makadirio ya miaka 30 ijayo. Angalau hapo mtu ameliona swali. Umri ndani ya milinganyo hii yote ni kaunta tu. Unasimama badala ya mapigo, chumvi, moshi na sukari vilivyopita mwilini hadi leo. Kaunta haiharibu gari. Lakini ukiitazama kaunta peke yake, utamwambia mwenye gari jipya kwamba hahitaji mafuta ya injini, na mwenye gari kuukuu kwamba moshi mweusi ni halali yake.

Na tusisahau kisa cha Instant Blood Pressure. Programu hiyo iliuzwa kwa dola 4.99 kati ya 2014 na 2015, ikidai kupima presha kwa kuweka kidole kwenye kamera na simu kwenye kifua. Watafiti walipoijaribu na kuchapisha matokeo mwaka 2016, karibu wagonjwa wanne kati ya watano wenye presha ya juu waliambiwa wako sawa. Ilinunuliwa zaidi ya mara 100,000. Wateja wanapenda kijani, na tukiwapa kijani tunapata nyota tano. Hapo ndipo ilipo hatari ya kazi yetu.

Hapa kwetu uchunguzi wa kitaifa wa 2015 ulikuta karibu robo ya watu wazima wana presha ya juu. Kati yao, waliokuwa wakijua hali yao ni kama asilimia 16. Zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa hata mara moja. Tangu Septemba 2023 serikali imegawa mikoba kwa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, na ndani yake kuna mashine ya presha na simu ya kuingizia rekodi. Nyanya aliyeko Kilgoris anaweza kupimwa kwenye kigoda chake. Namba yake itaingia kwenye programu ambayo mtu kama mimi au wewe ameiandika, na mtu huyo ndiye anayeamua skrini iseme nini.

Kwa hivyo ukipewa kazi kama hii, hifadhi namba zote mbili na tarehe, na hifadhi pia pengo kati yake. Mwombe mtumiaji apumzike dakika tano, aegemee kiti, miguu iguse chini, mkono uwe usawa wa moyo, asiongee, na mkanda uwe saizi ya mkono wake, maana mkanda mdogo hupandisha namba. Apime mara mbili. Umri ingiza ukitaka, daktari atauhitaji, lakini usiupe ruhusa ya kubadilisha rangi. Ukiwa na nafasi ya ushauri mmoja, weka chumvi: si zaidi ya gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyojificha kwenye mkate na viungo vya pakiti. Huko China vijiji 600 vilishiriki jaribio lililochapishwa 2021, ambapo waliowahi kupata kiharusi na wazee wenye presha walibadilishiwa chumvi kwa yenye robo ya kloridi ya potasiamu. Viharusi vilipungua kwa asilimia 14. (Mwenye ugonjwa wa figo amwone daktari kwanza kabla ya kuigusa hiyo.)

Maneno ya skrini nayo ninayo tayari, yachukueni bure. Kwa 140 kwa 90 au zaidi, umri wowote: "Namba hii iko juu. Ipime tena kesho na keshokutwa ukiwa umetulia. Ikibaki juu, nenda kituo cha afya na uwaonyeshe rekodi hii." Kwa 180 kwa 120 au zaidi: "Tulia dakika tano, upime tena. Ikibaki hapo, mwone daktari leo. Kama kifua kinauma, uso umepinda, mkono umekosa nguvu au maneno hayatoki vizuri, nenda hospitali sasa hivi."